"Kuvuka" na "Kuvushwa": Lugha na Mapokeo katika Bendi ya Gwaride ya Chuo Kikuu cha Florida A&M

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika kuhifadhi, na pia katika kuharibu, mapokeo ya bendi ya gwaride ya chuo kikuu. Mfano unaochunguzwa ni bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M nchini Marekani, ijulikanayo kwa jina la Marching 100. Hoja kuu ni kwamba bendi hiyo ilikuwa na lugha mbili: lugha ya hadharani iliyotaja wajibu wa kila mtu, na lugha ya faragha iliyoficha watendaji. Kwa kulinganisha kitenzi "vuka" na minyambuliko yake ya Kiswahili, makala yanaonyesha jinsi uteuzi wa kauli ya kitenzi ulivyosaidia kuistiri jeuri iliyosababisha kifo cha mwanafunzi mmoja mwaka 2011. Istilahi za Kiingereza zimetolewa kwa tafsiri ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wanaisimu-jamii wamekwisha kuandika mengi kuhusu lugha za makundi maalumu: wavuvi, wachuuzi, makuli wa bandarini, wanajeshi na wanafunzi. Kundi moja ambalo halijashughulikiwa sana katika uandishi wa Kiswahili ni bendi ya gwaride. Huenda sababu ni kwamba bendi huchukuliwa kuwa mali ya wanamuziki peke yao. Hata hivyo, bendi haiishi kwa muziki tu. Ina majina, vyeo, amri, misemo na siri. Na vyote hivyo ni lugha. Mwanafunzi aingiapo katika bendi hujifunza tarumbeta, lakini hujifunza pia namna ya kusema na namna ya kunyamaza.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kulitazama suala hili kwa makini. Neno "beni", ambalo asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, limekuwamo katika Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia moja. Kama alivyoonyesha Ranger (1975), ngoma ya beni ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya, hususan Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikaenea bara kwa kasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) na baada yake. Watu wa kawaida waliuchukua mwendo wa gwaride, sare na vyeo vya kijeshi vya wakoloni, wakavigeuza kuwa mali yao. Vyama vya Marini na Arinoti, ambavyo vilishindana katika miji ya Tanganyika, vilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, akiwamo "kingi". Kwa hiyo, swali la jinsi watu wanyonge wanavyoichukua bendi ya jeshi na kuipa maana yao wenyewe si geni kwa Waswahili.

Makala yana sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza asili ya bendi za vyuo vikuu vya Marekani. Sehemu ya tatu inaichambua lugha ya hadharani ya Marching 100, na ya nne lugha yake ya faragha. Sehemu ya tano ni ya ulinganishi, ya sita inaeleza yaliyofuata baada ya 2011, na ya saba ni hitimisho.

2.0 Asili ya bendi za vyuo vikuu vya Marekani

2.1 Kutoka kambini hadi uwanjani

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Marekani vilianzishwa au kuimarishwa kutokana na sheria ya mwaka 1862 iliyojulikana kwa jina la Morrill. Sheria hiyo ilizipa serikali za majimbo ardhi ambayo mapato yake yalipaswa kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kijeshi. Penye wanafunzi wa kijeshi pana gwaride, na penye gwaride pana ngoma na matarumbeta. Ndivyo bendi nyingi za vyuo zilivyozaliwa: si katika idara za muziki, bali katika vikosi vya wanafunzi askari.

Mabadiliko makubwa yalitokea bendi hizo zilipohamia katika viwanja vya kandanda ya Kimarekani. Uwanjani hapakuwa na adui wala jenerali wa kukagua. Palikuwa na watazamaji walioketi juu, wakitazama chini. Kwao bendi ilionekana kama wino juu ya karatasi. Mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue iliacha safu zake za kijeshi ikajipanga katika umbo la herufi P. Mwaka 1936 bendi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilianza kuliandika jina "Ohio" kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, safu ndefu ya wapigaji ikipita uwanjani mithili ya kalamu, na mpigaji mmoja akatoka kwenda kuiwekea herufi "i" nukta yake. Desturi hiyo ingaliko hadi leo, na kuwa nukta ni heshima kubwa. Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kutua kidogo: bendi ya jeshi, ambayo kazi yake ilikuwa kuwapa askari mwendo mmoja, imegeuka kuwa chombo cha kuandikia.

2.2 Bendi za vyuo vya Wamarekani Weusi

Sheria ya pili ya Morrill, ya mwaka 1890, iliyataka majimbo yaliyowabagua Weusi katika vyuo vyake yawape vyuo vyao wenyewe. Chuo cha Tallahassee, Florida, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1887 kwa ajili ya kuwafunza walimu Weusi, kilifaidika na sheria hiyo mwaka 1891. Bendi yake ya kwanza iliundwa mwaka 1892. Chuo chenyewe kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1953, na ndicho kiitwacho leo Chuo Kikuu cha Florida A&M.

Historia ya kisasa ya bendi hiyo huanza mwaka 1946, alipowasili William P. Foster (1919–2010). Foster alikuwa amesoma muziki katika Chuo Kikuu cha Kansas, ambako aliambiwa kwamba hapakuwa na kazi kwa kondakta Mweusi. Jibu lake lilikuwa kazi ya miaka 52. Alianza na wapigaji wachache, na hadi alipostaafu mwaka 1998 alikuwa amejenga bendi iliyoigwa na vyuo na shule za sekondari kote nchini. Mwaka 1985 bendi yake ilipata tuzo ya Sudler, ambayo ni ya heshima kubwa kwa bendi za gwaride za vyuo, ikiwa ya kwanza kutoka chuo cha Weusi kuipata. Tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi yake, bendi hiyo iliandamana jijini Paris kwa niaba ya Marekani. Kizazi kimoja nyuma, wazazi wa vijana hao wasingeruhusiwa kuketi popote watakapo katika basi la mji wao. Ni vyema msomaji ayakumbuke hayo afikapo sehemu ya nne, kwani kilichoharibiwa hakikuwa kitu kidogo.

3.0 Lugha ya hadharani

3.1 Jina ambalo ni idadi

Jina Marching 100 lina maana ya "Mia Moja Waandamao". Kisemantiki jina hili linavutia. Idadi hutumika kwa kawaida kuhesabu, na ikiwa kitu kimezidi, idadi hubadilika. Lakini bendi hii ilipokuwa na wanachama zaidi ya 400 iliendelea kuitwa "Mia". Namba ilikuwa imekwisha kuacha kuhesabu. Ilikuwa imegeuka kuwa nomino ya pekee. Kiswahili kinalifahamu jambo hili. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita, nao waliokwisha kuondoka zamani. Jina halikuondoka nao.

Jina la namna hii lina athari mbili. Kwanza, humfunga mwanachama mpya na waliomtangulia: haingii katika bendi ya mwaka huo, anaingia katika "Mia" isiyozidi wala kupungua. Pili, huficha hesabu halisi. Athari hii ya pili itajadiliwa katika sehemu ya sita.

3.2 Istilahi za mwendo

Foster alieleza nadharia yake ya maonyesho katika kitabu Band Pageantry, kilichotoka mwaka 1968. Miongoni mwa mambo ambayo mapokeo ya bendi humhesabia kuwa aliyaingiza ni aina za mwendo. Upo mwendo wa mara mbili, wenye hatua 240 kwa dakika. Upo wa mara tatu, wenye hatua 360 kwa dakika. Na upo mwendo wa taratibu kabisa, wenye hatua 20 tu kwa dakika, ulioitwa kwa neno lenye maana ya mauti. Katika mwendo huu wa mwisho, mguu huinuliwa, hukaa angani, na uwanja mzima hunyamaza ukiusubiri ushuke. Yeyote aliyewahi kusindikiza jeneza kwa mwendo wa askari ataielewa maana ya jina hilo bila ya kuelezwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba istilahi hizi ni za wazi. Kila mwanachama anazijua, mtazamaji anaweza kuziuliza akajibiwa, na kila mojawapo ina kipimo. Asiyeinua goti inavyotakiwa anaonekana, na anayemkosoa anajulikana kwa cheo chake: mkufunzi, kiongozi wa sehemu ya vyombo, au dramu meja, yaani kiongozi wa gwaride aandamaye mbele ya bendi. Katika lugha hii kitendo kina mtendaji, na mtendaji ana jina.

3.3 Sifa sita

Bendi ilikuwa pia na matamko yake ya maadili, yaliyofundishwa kwa kila mgeni. Yalihusu sifa sita: tabia njema, mafanikio ya masomo, uongozi, umahiri wa muziki, usahihi wa gwaride, na utumishi. Mpangilio wake ni wa kukusudia. Muziki, ambao mtu angedhani ndio shabaha, ni wa nne. Gwaride ni la tano. Tabia ndiyo inayotangulia. Kwa mujibu wa nadharia ya Austin (1962), maneno ya namna hii hayaelezi jambo tu, bali hutenda: ayatamkaye hujifunga. Tatizo, kama Austin mwenyewe alivyotambua, ni kwamba ahadi inaweza kutamkwa kwa usahihi kamili na mtu asiyekuwa na nia ya kuitimiza.

4.0 Lugha ya faragha

4.1 Tukio la 2011

Tarehe 19 Novemba 2011, baada ya mchezo mkubwa wa mwaka jijini Orlando, dramu meja mmoja wa bendi, mwenye umri wa miaka 26, alipigwa na wenzake ndani ya basi lililokuwa limeegeshwa nje ya hoteli. Alifariki dunia usiku huo. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha kwamba alikufa kutokana na kuvuja damu ndani ya mwili kulikosababishwa na kipigo, na kifo hicho kikatangazwa kuwa cha kuuawa. Bendi ilisimamishwa. Wanachama kadhaa walishtakiwa, na Oktoba 2014 baraza la mahakama lilimtia hatiani mmoja wao kwa kosa la kuua bila kukusudia. Alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata.

Mabasi ya bendi yaliitwa kwa herufi, na basi C lilikuwa la wapiga ngoma. Kilichofanyika humo kilikuwa na jina. Katika ushahidi na katika taarifa za vyombo vya habari kiliitwa "kuvuka basi C". Aliyetaka heshima ya kundi hilo alitakiwa atembee kutoka mbele ya basi hadi nyuma, huku waliojipanga pande zote mbili wakimpiga. Kulikuwa pia na "kiti cha moto", ambapo mtu huketishwa, hufunikwa blanketi, na hupigwa. (Isichanganywe na "kitimoto" ya Kiswahili cha mitaani, ambayo ina maana nyingine.)

4.2 Kiima cha "kuvuka"

Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya "kuvuka" kilikuwa na historia kabla ya kuingia katika basi. Katika vyama vya wanafunzi vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki, hasa katika vyuo vya Weusi, mtu akikubaliwa rasmi kuwa mwanachama husemwa kuwa "amevuka". Ni sitiari nzuri. Van Gennep (1909) ameonyesha kwamba taratibu za kuingizwa katika hadhi mpya huwa na hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini, na kupokelewa upya. Kuvuka ni picha kamili ya kizingiti hicho.

Lakini tuitazame sarufi yake. Katika sentensi "amevuka basi C", kiima ni yule aliyepigwa. Yeye ndiye mtendaji. Yambwa ni basi, nalo ni chombo kisicho na hiari. Waliopiga hawamo. Hawakufutwa kwa sababu ya ufupi wa usemi. Muundo wa sentensi hauna nafasi yao. Hata msikilizaji akitaka kuuliza, hana pa kuning'iniza swali lake. Hawezi kuuliza "amevuka na nani?" kwa maana ya mtendaji, jibu atakalopata litakuwa la wavukaji wenziwe.

Ndiyo maana hoja kwamba kijana yule alikwenda mwenyewe, kwa hiari yake, ilisikika mara kwa mara upande wa utetezi. Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi na kitenzi kabla ya wakili kusimama. Aliyevuka ndiye aliyetenda. Kilichompata kimo katika kitendo chake.

4.3 Ushahidi wa mnyambuliko

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili kwa uwazi zaidi kwa sababu ya utajiri wa minyambuliko yake. Tuchukue mifano ifuatayo:

(a) Kijana amevuka.
(b) Kijana amevushwa.
(c) Kijana amevushwa na wenzake.
(d) Wenzake wamemvusha kijana.

Katika (a), kijana ni mtendaji pekee. Katika (b), kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa vinatangaza kwamba yupo aliyesababisha, hata kama hakutajwa, swali "na nani?" linajileta lenyewe. Katika (c) swali limejibiwa, na katika (d) watendaji wamekaa mahali pao pa mbele. Mwenye ngalawa anayewapeleka watu ng'ambo huwavusha. Na ngalawa ikizama, huulizwa. Tofauti kati ya (a) na (b) ni ya silabi moja tu, lakini kijamii ni tofauti kati ya ajali na wajibu.

Haidaiwi hapa kwamba kitenzi kiliua. Mikono ndiyo iliyoua. Wala haidaiwi kwamba Kiingereza hakina njia ya kumtaja mtendaji. Kina njia nyingi. Kinachodaiwa ni kwamba, miongoni mwa njia zote, kundi lilichagua ile isiyo na nafasi ya mtendaji, likairithisha kwa vizazi vya wanafunzi, na kwamba urithi huo uliwawezesha vijana waliokariri sifa sita mchana kushiriki usiku katika jambo ambalo, lau lingeitwa kwa jina lake, wengi wao wangeona haya kulitamka.

5.0 Ulinganishi

5.1 Jando na unyago

Itakuwa rahisi kudhani kwamba suala lililojadiliwa ni la Marekani tu, au kinyume chake, kwamba kila utaratibu wa kuingizwa katika kundi ni jeuri. Mfano wa jando na unyago unaonyesha kwamba dhana zote mbili si sahihi.

Msamiati wa Kiswahili wa taratibu hizo umejaa kauli ya kutendwa. Kijana hutahiriwa; mwali huchezwa, hufundwa, hutolewa. Pamoja na vitenzi hivyo kuna majina ya watendaji: ngariba, kungwi, somo, nyakanga. Ni kweli kwamba kauli ya kutendwa huruhusu mtendaji aachwe bila kutajwa. Mtu anaweza kusema "mwali amechezwa" akaishia hapo. Lakini aliyeachwa anapatikana kwa urahisi, kwa sababu cheo chake kipo na mwenye cheo anajulikana mtaa mzima. Mtoto akiumia, wazazi wanajua wabishe hodi mlango gani. Siri ya kumbini ni siri ya mafunzo. Si siri ya nani alikuwapo.

Haina maana kwamba taratibu hizo hazina lawama. Zimekosolewa, na baadhi ya yaliyomo humo yanastahili kukosolewa. Hoja ni kwamba lugha yake huacha mlango wa lawama wazi, ilhali lugha ya basi C iliufunga.

5.2 Mzee Punch

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wasomaji wa makala haya. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch: maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi, iliyobandikwa kutani kwa ajili ya kuwakejeli wanafunzi na wakubwa. Desturi hiyo ilikuwa na watetezi wake, waliosema kwamba ilikuwa sauti ya wasio na sauti. Lakini iligeuka kuwa chombo cha kuwaandama wanafunzi wa kike. Februari 1990 mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandamwa kwa namna hiyo alijiua. Baada ya hapo desturi ilipigwa marufuku.

Kiisimu, Mzee Punch ni mbinu ya tatu. Hapa mtendaji hakuondolewa. Alitajwa, tena kwa nomino ya heshima. Katika tungo "Mzee Punch amemwandika fulani", kila nafasi ya kisarufi imejazwa. Ila aliyetajwa si mtu. Ni kinyago, na kila aliyetaka aliweza kukivaa usiku na kukivua asubuhi. "Mzee" ni neno linalodai utii na staha. Lilipokabidhiwa kwa kinyago, lilimnyima aliyeumizwa hata haki ya kujibu, maana mzee hajibiwi.

5.3 Muhtasari wa mbinu

Kutokana na mifano mitatu, tunaweza kupambanua hali tatu za mtendaji katika lugha ya makundi. Katika hali ya kwanza, mtendaji anaweza kuachwa, lakini cheo chake kinajulikana (jando na unyago). Katika hali ya pili, mtendaji hana nafasi, na mtendwa amewekwa mahali pake (basi C). Katika hali ya tatu, mtendaji ametajwa kwa jina lisilo na mtu (Mzee Punch). Hali ya pili na ya tatu zinaweza kutofautiana kwa umbo, lakini matokeo yake ni mamoja: jambo baya linapotokea, hakuna wa kuitwa.

6.0 Baada ya 2011

Bendi ilipokuwa imesimamishwa, chuo kilifanya hesabu ya waliokuwamo. Ilibainika kwamba watu wapatao 100 waliokuwa katika orodha ya bendi hawakuwa wamejiandikisha katika kozi ya bendi kama kanuni ilivyotaka. Hapa jina la idadi linalipiza kisasi chake. Kundi lililojiita "Mia" kwa miongo mingi lilikuwa na mia nyingine isiyoandikwa mahali pake, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu katika jina hilo namba ilikuwa imeacha kuhesabu watu zamani.

Bendi ilirudi uwanjani Septemba 2013, jijini Orlando, ikiwa na watu wachache kuliko awali na kanuni mpya. Mwanachama alitakiwa awe mwanafunzi kamili, awe na maksi za kiwango kilichowekwa, na asizidi miaka minne katika bendi. Kwa mtazamo wa makala haya, mageuzi hayo yanaweza kufasiriwa kuwa ni ya lugha pia: yanawataka watu waandikwe na wahesabiwe, na yanaweka kikomo kwa wakongwe ambao mamlaka yao yalitokana na kukaa muda mrefu tu, wala si na cheo kilichoandikwa popote.

Mageuzi ya kanuni, hata hivyo, hayatoshi. Sheria ya Florida ilikuwa imekwisha kuufanya uonevu wa namna hii kuwa kosa la jinai tangu mwaka 2005, miaka sita kabla ya tukio la Orlando. Wanachama walijua kwamba jambo hilo limekatazwa. Lakini kilichokatazwa na sheria kiliitwa uonevu, na walichofanya wao kiliitwa kuvuka. Sheria na kundi hazikuwa zikizungumza juu ya kitu kimoja kwa neno moja, na penye maneno mawili kuna upenyo wa mtu kupita.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mapokeo ya bendi ya gwaride hukaa katika lugha kama yanavyokaa katika ngoma na matarumbeta. Lugha ya hadharani ya Marching 100, yenye vipimo, vyeo na maadili, ilimwezesha mwalimu aliyekataliwa kwa sababu ya rangi yake kujenga kitu kilichoandamana Paris. Lugha yake ya faragha, yenye kitenzi kisicho na nafasi ya mtendaji, ilikiweka kitu hicho hicho katika hatari ya kupotea.

Yapo mambo mawili yanayofaa kufuatiliwa na watafiti. La kwanza ni msamiati wa bendi za shule, za polisi na za vyama vya vijana katika Afrika ya Mashariki, ambao haujakusanywa ipasavyo, ilhali wapigaji wakongwe wanapungua kila mwaka. La pili ni lugha ya kuwapokea wageni katika shule za bweni na vyuo vya kwetu. Mkusanyaji wa maneno hayo asiridhike na fasili, aulize, kwa kila kitenzi, nani ni kiima chake, na kama swali "na nani?" lina pa kukaa.

Kwa upande wa walimu na walezi, ushauri ni mwepesi kuutaja, mgumu kuutekeleza: vijana wafundishwe kutumia kauli ya kusababisha. Mwanafunzi akisema kwamba mwenzake "amevuka", aulizwe ni nani aliyemvusha, tena aulizwe mbele ya watu. Kundi lenye mapokeo mema halitakosa jibu.